Mlima Hauulizi Mbio

Mlima hauulizi mbio, huuliza pumzi.

Leo mmelisikia neno hilo kwa mwalimu wenu wa mbio, akiwapigia kelele pale kwenye mpando wa kanisani, nanyi mmeingia hapa mnatweta, vumbi hadi kwenye kope, mnauliza amelitoa wapi. Hakulitunga yeye. Neno hili lina kwao, na kwao ni huku huku Upareni juu, kwenye njia ile ile mnayoikimbia. Kaeni, kuleni hayo makande yangali na moto, msikie lilivyozaliwa.

Zamani, kabla barabara ya magari haijapanda milima hii, kitongoji cha Kwa Mrindi kilikuwa na mwanamume aitwaye Senzota. Hakuwa mzaliwa wa huku. Alizaliwa chini, tambarare, kwenye miiba na mikonge, na utotoni kazi yake ilikuwa kukimbizana na mbuzi wa baba yake. Miguu yake ikakua mirefu kama ya korongo. Alipofikia ujana hakuna aliyemweza kwa mbio katika nchi yote ya chini. Ukimtuma asubuhi apeleke habari ya msiba vijiji vya mbali, jua la utosi linamkuta amesharudi, amekaa kivulini anacheza bao.

Kilichompandisha mlimani ni mapenzi. Alimwona Nankondo katika soko la Mikuyuni, binti mfupi, mwenye miguu minene na sauti isiyokauka, akiuza tangawizi huku akibishana na wateja kwa furaha. Senzota akanunua tangawizi siku ile. Soko lililofuata akanunua tena, na lililofuata tena, mpaka mama yake akamwuliza kama ana nia ya kuogea tangawizi. Basi wakaoana. Na kwa kuwa Nankondo alikuwa mtoto wa pekee, na mama yake, Bibi Nasemba, alikuwa na mguu mbovu, Senzota akakubali kuhamia juu, ukweni. Vijana wenzake walimcheka sana. Yeye alicheka pamoja nao, akafunga mkeka wake, akapanda.

Watu wa Kwa Mrindi walimpenda upesi. Alikuwa mtu wa moyo mweupe, mwepesi wa kusaidia, wa kwanza kufika pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia. Lakini mlima wenyewe haukumpenda, wala yeye hakuupenda. Kwake mlima ulikuwa kama jino bovu: ling'olewe upesi, yaishe. Kila akitoka sokoni aliuvamia kwa mbio tangu chini, akiruka mawe, akiwapita wanawake wenye mizigo yao, na kila alipofika kileleni alijitupa chali kwenye majani, macho yamemtoka, kifua kikipanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Punde wale wanawake wangempita pale pale alipolala, wakizungumza habari zao, mizigo kichwani. Nankondo angemgusa kwa kidole cha mguu na kusema, "Karibu nyumbani, mkimbiaji." Naye angecheka, maana pumzi ya kujibu hakuwa nayo.

Wakajaliwa binti, wakamwita Namkunda. Siku ya habari yetu alikuwa ndiyo kwanza anajua kutembea, akianguka kila baada ya hatua mbili tatu na kuilaumu ardhi.

Sasa mnazijua ndiva zetu. Bwawa linajengwa kwa udongo na mawe kule juu, maji ya kijito yanaingia, yanajaa, kisha yanafunguliwa yateremke mferejini kwenda mashambani. Ndiva ya Kwa Mrindi ilikuwa kubwa. Tundu la kutolea maji lilizibwa kwa gogo la mti lililokandikwa udongo wa mfinyanzi, na kamba nene ya magome imefungwa kwenye gogo hilo ili livutwe wakati wa kufungua. Nyumba za kitongoji zilikuwa chini yake moja kwa moja. Hakuna aliyeogopa. Ndiva ilikuwa pale tangu enzi za mababu.

Siku moja ya kiangazi wenye zamu waliiziba ndiva alfajiri ili ijae, wamwagilie kesho yake. Kisha kila mwenye miguu mizima akashuka sokoni, maana lilikuwa soko kubwa la kabla ya kupanda mbegu. Kwa Mrindi wakabaki wazee, watoto, na mbwa. Namkunda aliachwa kwa bibi yake.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Nankondo alipoinua macho kutoka kwenye tangawizi yake na kuona mlima hauonekani. Pale Mikuyuni jua liliwaka, vumbi linapepea. Lakini huko juu lilikaa wingu jeusi, zito, limekalia mgongo wa Ikondo, mlima wa kwao, kama kuku aliyeatamia mayai. Umeme ukapita tumboni mwa wingu.

"Mvua gani hiyo, wakati huu?" aliuliza mwanamke wa jirani.

Nankondo alimtafuta mumewe kwa macho, akamkuta amesimama upande wa pili wa soko, naye anatazama juu. Wala hawakuhitaji kuambiana. Ndiva imezibwa. Kijito kitashuka kimefura, na ukuta ule wa udongo haukujengewa mvua ya namna ile.

Senzota alikwenda bila kuaga. Walimwona akitoka sokoni kama jiwe la kombeo, shati linapepea nyuma, na watu wakasema, "Basi, Senzota akishatoka, ndiva imefunguliwa." Nankondo alimwachia jirani tangawizi yake yote, akakaza kanga kiunoni, akamfuata kwa mwendo wake.

Njia ya kutoka Mikuyuni ina milima miwili. Kwanza ni Mwala, mrefu, mkali, wa mawe makavu. Ukiumaliza unateremka bondeni, unavuka mto, unakwenda tambarare kipande kizuri, ndipo unakuja Ikondo, ambako ndiko nyumbani na ndiko kwenye ndiva.

Senzota aliuvamia Mwala kama alivyouvamia siku zote, na safari hii kwa hofu, jambo ambalo ni baya zaidi. Alikimbia kana kwamba bado yuko chini, hatua zile zile ndefu, mikono ikikata upepo. Alimwona Namkunda kichwani mwake, akazidisha. Alimwona Bibi Nasemba akiutafuta mkongojo wake, akazidisha tena. Robo ya mlima ikapita, akajiona shujaa. Nusu ya mlima, mapaja yakaanza kuwaka moto. Akauma meno. Kisha kichomi kikamshika ubavuni, masikio yakaziba, na njia ikaanza kucheza mbele yake. Alitaka kuinua mguu, mguu ukakataa. Akaenda hatua chache kwa kutambaa, akishika majani, halafu akainama mikono magotini, akatapika chai ya asubuhi, na hapo akabaki.

Hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa wakati ule. Kilele alikiona. Ngurumo alizisikia. Alikuwa mtu mwenye mbio kuliko wote, na mbio zilikuwa zimemwacha katikati ya njia.

Alisikia nyayo nyuma yake, fupi fupi, tap, tap, tap, kama mtu anayetwanga bila haraka.

"Baba Namkunda."

Mate yalikuwa yanamchirizika.

"Baba Namkunda, sema na mimi."

"Si... wakati... tangulia. Mimi... nimekwisha."

"Hujaisha. Umekata pumzi tu." Nankondo alimshika mkono, akamwinua kiwiliwili. "Simama wima, kifua kifunguke. Vuta. Toa yote. Vuta tena. Nani aliyekuambia mlima umekuuliza mbio? Mlima hauulizi mbio, huuliza pumzi. Ukiulizwa ukawa huna, hata uwe na miguu minne, unakaa hapa hapa."

"Mwanangu yuko huko juu!" Senzota alipata sauti, ikatoka kama kilio.

"Na wangu pia," alisema Nankondo.

Alilisema kwa upole, na hapo Senzota akamtazama vizuri. Aliona jasho, aliona midomo imekauka. Mwanamke huyu alikuwa na hofu kama yake, pengine zaidi, na bado alikuwa amepanda hatua kwa hatua bila kuiachia hofu imchagulie mwendo.

"Twende," Nankondo alisema. "Tutakwenda tukizungumza. Ukishindwa kunijibu, tunafupisha hatua. Ukijibu vizuri, tunaongeza kidogo."

"Tuzungumze nini saa hizi, mwanamke?"

"Yule mbuzi wa kaka yako."

Mnajua wanandoa. Kila nyumba ina ugomvi wake mmoja usiozeeka. Wa nyumba hii ulikuwa mbuzi aliyeletwa na kaka yake Senzota siku ya harusi, ambaye alionekana anachechemea. Nankondo alishikilia kwamba waliletewa mbuzi kilema. Senzota alishikilia kwamba mbuzi alitoka kwao mzima.

"Alikuja anachechemea," alianza Nankondo, huku amekwishaanza kupanda.

"Hakuja... anachechemea."

"Hatua zako ndefu. Fupisha. Alikuja anachechemea, na mama aliona."

Senzota akafupisha hatua. Aliona aibu, maana zilikuwa hatua za kitoto, kisigino karibu kinagusa kidole. Lakini kichomi kilianza kulegea. "Hakuja anachechemea," alisema, na safari hii maneno yalitoka yameshikana. "Alichechemeshwa na njia yenu hii."

"Njia yetu haina kosa. Mbona mbuzi wengine hawakuchechemea?"

"Wale wengine walizaliwa huku. Mbuzi wa tambarare hajazoea mawe, Mama Namkunda, na hilo nimekwambia tangu mwaka ule."

"Umesema maneno mengi. Tuongeze kidogo."

Wakaongeza. Penye mwinuko mkali walipunguza karibu wakawa wanatembea, penye nafuu waliachia miguu, na mbishano haukukatika. Senzota alianza kuona jambo ambalo hakuliona miaka yote. Mkewe hakuwa na mwendo mmoja. Miguu yake ilibadilika kila mahali njia ilipobadilika. Kilichobaki kile kile kilikuwa pumzi.

Walipofika kileleni mwa Mwala, mwili wa Senzota ulitaka kulala, maana hapo ndipo ulipozoea. Magoti yalikuwa yameshaanza kukunjika. Nankondo alimsukuma mgongoni.

"Kilele si kitanda. Pita!"

Akapita. Wakaangukia mteremko, Nankondo akimpigia kelele alegeze magoti, asikaze kisigino, auache mlima umshushe wenyewe. Wakavuka mto, nao ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. Mbele yao likawa bonde, jeupe, tambarare. Matone ya kwanza yakawapiga usoni.

Nankondo alimwachia mkono. "Hapa ni kwenu. Nenda, mimi nakuja. Lakini sikia. Usipite nyumbani. Ukipita nyumbani utamtoa mama na mtoto, na wengine je? Nenda moja kwa moja ndiva."

Senzota alimtazama mara moja, akaondoka. Nawaambia, wazee walioambiwa na wazee wao walisema hakuna aliyewahi kulikimbia bonde lile kama alivyolikimbia yeye. Miguu ile mirefu ilifunguka. Pumzi aliyoitunza Mwala ilikuwa pale, inamngoja, naye akaitumia.

Chini ya Ikondo mvua ilikuwa inamwagika. Njia imekuwa utelezi. Na hapo, kwa upande wa kushoto, kupitia mvua, aliliona paa la nyumba yake. Aliona na moshi ukitoka, Bibi Nasemba anapika. Juu yake, ukuta wa ndiva ulikuwa umetota mpaka umekuwa mweusi, na maji yalikuwa yanaruka ukingoni.

Kila kiungo chake kilisema kimbia. Hakuna jambo gumu alilowahi kulifanya maishani mwake kama lile alilolifanya pale: akiwa anaona paa la mwanawe, akapunguza mwendo. Akafupisha hatua. Akainama kidogo mbele, macho chini, hatua za kitoto, tap, tap. Na kwa kuwa mkewe hakuwepo wa kumpima, akaanza kubishana peke yake, kwa sauti, katikati ya mvua.

"Alitoka kwetu mzima! Mimi mwenyewe nilimfunga kamba! Mbuzi alikuwa mzima!"

Mzee mmoja aliyekuwa amejificha mvua mlangoni mwake alimwona akipita hivyo, akamwambia mkewe kwamba mkwe wa Nasemba amerukwa na akili. Senzota hakumsikia. Sauti ikianza kukatika, alipunguza. Ikirudi, aliongeza. Machozi na mvua vilichanganyika usoni, na Ikondo ukapita chini ya miguu yake, kidogo kidogo, mpaka akainua macho akajikuta amesimama kwenye ukuta wa ndiva, na ana nguvu mikononi.

Nguvu hizo ndizo zilizotakiwa. Maji yalikuwa yamelikandamiza gogo, udongo umejaa kila upande. Alijizungushia kamba mikononi, akaegemeza miguu kwenye jiwe, akavuta. Gogo halikutikisika. Akavuta tena. Likalia kidogo, likatulia. Ukutani, hatua chache kutoka alipokuwa, ufa ulifunguka, donge la udongo likaanguka. Angefika pale akiwa vile alivyozoea kufika vileleni, angelala chali akiuangalia ufa ule ukipanuka. Akavuta mara ya tatu, ngozi ya viganja ikamtoka, hakuacha.

Kisha mikono mingine ikashika kamba nyuma ya mikono yake. Hakugeuka. Aliujua mwili ule.

"Pamoja," alisema Nankondo. "Vuta pumzi. Sasa!"

Gogo lilichomoka kwa kishindo, wote wawili wakaanguka matopeni, na maji yakatoka yakinguruma, yakashika mfereji, yakaufurikia, yakateremkia kwenye korongo mbali na nyumba. Walikaa pale wakitazama. Polepole, kama mtu anayeshusha mabega, maji ya ndiva yakaanza kushuka. Walijaza mawe kwenye ufa kwa mikono mpaka wakaridhika, ndipo wakateremka nyumbani.

Walimkuta Bibi Nasemba amekaa juu ya kitanda, maji ya mvua yaliyoingia ndani yanamfika vifundoni, Namkunda amelala mgongoni mwake, mwenyewe bibi ameshika mkongojo kana kwamba angeyachapa mafuriko yakithubutu kusogea.

"Mmerudi mapema," alisema. "Soko lilikuwa baya?"

Senzota alimchukua mwanawe, akamkumbatia akiwa na matope yake yote, akalia bila kujificha. Bibi Nasemba alimtazama, akamtazama na bintiye aliyelowa chapachapa, akaelewa. Akasogea kitandani kumpa mkwewe nafasi, jambo ambalo kwa desturi halifanywi, na hakuna aliyelisema.

Jioni watu walipanda kutoka sokoni, wanawake wakilia njiani kwa hofu, wakakuta nyumba zote zimesimama, mioshi inatoka. Walikwenda kuuona ufa. Mzee wa ndiva aliupima kwa mkono wake, kisha wakateremka nyumbani kwa Senzota.

"Senzota," alisema mzee, "sisi tunakujua. Kila kilele umekilalia. Leo umeipanda Mwala na Ikondo, ukabaki na nguvu ya kuling'oa lile gogo. Umewezaje?"

Senzota alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Nankondo alikuwa anamkausha mtoto nywele. Akasema bila kuinua kichwa, "Milima hii haikumwuliza mbio. Ilimwuliza pumzi, na leo alikuwa nayo."

Watu wakacheka, kisha kila mmoja akalirudia neno lile moyoni. Kesho yake mtu mmoja alimwambia neno hilo mwanawe aliyekuwa analima kwa pupa, amechoka kabla ya saa nne. Mwingine akamwambia bwana harusi aliyetaka kumaliza zizi zima la baba yake kwa sherehe ya siku moja. Likashuka na watu sokoni, likapanda na watu milima mingine, mpaka likamfikia mwalimu wenu.

Senzota na Nankondo waliishi mpaka wakazeeka. Hakumpita tena mkewe mlimani. Watoto wa siku zile walisema kwamba siku za soko ulikuwa unawasikia wazee wale kabla ya kuwaona: wanapanda Mwala bega kwa bega, polepole, wanagombana kwa furaha, wala hakuna aliyewahi kuwakuta wamesimama.

Kwa hiyo kesho mtakapofika pale kwenye mpando wa kanisani, na wenzenu wakawapita kwa vishindo, waacheni wapite. Fupisheni hatua, semezaneni. Mtawakuta mbele. Mlima hauulizi mbio, huuliza pumzi.